Acha leso moja ikupangie keja

Wacha nianze na aibu yangu, ndio tuelewane.

Mwaka jana nilihamia bedsita yangu ya kwanza hapa Zimmerman. Gorofa ya nne, dirisha moja, na dirisha lenyewe linaangalia kamba za nguo za jirani. Kabla sijanunua hata sufuria, tayari nilikuwa nimehifadhi video zaidi ya sitini za vyumba vya watu kwenye simu. Nilijua kupanga mito kabla sijajua bei ya kujaza gesi. Bas, pesa ya kuhariri video za harusi ilipoingia, nikatoka mbio kununua: pazia la kijivu, kapeti la manyoya la kijivu, majani ya plastiki ya kuning'iniza, zile taa za utepe za kubandika ukutani zinazobadilika rangi, na bango la maneno ya Kiingereza linaloniambia nipumue. Ati nipumue. Jumla shilingi 11,400, bila nauli.

Wiki tatu baadaye rafiki yangu akanitumia picha kwa WhatsApp. "Buda, umebadilisha kitanda lini?" Nikaifungua. Haikuwa keja yangu. Ilikuwa ya msichana fulani wa Kisumu ambaye hatujuani. Pazia lile lile, majani yale yale, na yeye pia ameambiwa apumue. Rafiki yangu amelala kwangu mara tano na bado alishindwa kutofautisha.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nilikuwa nimetumia pesa ya miezi miwili kutengeneza chumba ambacho hakinijui.

Maoni yangu leo ni haya, na mko huru kunipinga: usianze chumba na mtindo. Kianze na kitu kimoja cha sanaa unachokipenda kweli, kile ambacho moto ukishika ungetoka nacho mkononi hata kama umesahau viatu. Hicho kiweke kwanza. Halafu rangi, fanicha, pazia, hadi pale kitanda kitakapokaa, vyote vikifuate hicho.

Kwangu mimi hicho kitu ni leso. Na wale mmekuwa mkiuliza video ya kabla na baada iko wapi, tulieni. Nitafika hapo.

Leso nayo ni sanaa?

Leso yenyewe ilikuwa ya nyanya yangu, mama yake mama, wa Changamwe. Alipofariki na arobaini ikapita, shangazi na mama wadogo walikaa sebuleni wakagawana vitu vyake. Mimi niliulizwa nataka nini. Nikasema ile leso ya bluu. Walicheka, juu kijana wa miaka 21 anaulizwa achague na anachagua leso. Lakini leso hiyo ndiyo iliyonibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nyanya alikuwa akinionyesha alama ndogo pembeni na kusema, "Hapa ndipo ulipopata meno." Yaani nilikuwa nikiitafuna.

Sasa kuna msee atasema leso si sanaa, ni kitambaa cha kujifunga ukienda kuchota maji. Hebu tuangalie pamoja.

Leso ina sehemu tatu. Kuna pindo, yaani ule mpaka mpana unaozunguka kingo zote nne. Kuna mji, ile sehemu ya katikati. Na kuna jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini, mara nyingi ndani ya kisanduku chake. Huuzwa mbili mbili, doti moja, unaikata katikati na kupinda kingo ndio uvae. Kuna mtu alikaa chini akachora hizo sehemu zote, akachagua rangi mbili tatu tu, akahakikisha zinapendeza ukiwa mbali na zinapendeza ukiwa karibu, zinapendeza zikiwa zimetandazwa na zinapendeza zikiwa zimemzunguka mtu anayetembea. Mchoro wa kutundikwa ukutani hauna mtihani mgumu namna hiyo.

Halafu ina historia ndefu. Neno leso lenyewe limetoka kwa Wareno, kwao ni kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo na kuviunganisha pamoja kupata vazi moja kubwa. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuleta vilivyochapishwa vikiwa kitu kizima. Ukienda Mombasa, Biashara Street, utakuta duka la familia ya Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887, na leso zao zina alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Abdulla huyo ndiye anayetajwa sana watu wakizungumzia methali zilivyoingia kwenye leso. Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakahamia hizi tunazotumia sasa.

Kwa hivyo ndio, ni sanaa. Tena ni sanaa inayozungumza. Mwanamke akitaka kumwambia jirani jambo bila kufungua mdomo, anavaa leso yenye jina linalofaa na kupita mbele ya mlango wake polepole.

Yangu ina mji wa bluu iliyoiva, ule wa bahari kuu, na korosho za manjano zimetawanyika juu yake. Pindo ni la manjano lenye mistari myeusi. Manjano yenyewe imechoka, imekuwa kama bizari iliyokaa juani. Jina linasema: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Manze, niliisoma hiyo leso tangu nikiwa chekechea. Siku nilipoitandaza kitandani Zimmerman, chini ya zile taa za utepe, ndipo niliielewa. Mabaharia wetu walisafiri usiku kwa kufuata nyota. Ukifuata nyota ya mtu mwingine, utafika, ndio, lakini utafika kwake. Nikainua macho, nikaangalia pazia la kijivu. Nikaangalia bango. Nilijua ninaambiwa mimi.

Mji, pindo, jina

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa. Kapeti na taa nilimuuzia jirani kwa 3,000. Majani ya plastiki nilimpa mtoto wa keateka, akayavaa kichwani siku nzima.

Halafu nikaiga leso, na hapa ndipo wengi hukosea. Watu wakisikia "pata wazo kutoka kwa mchoro" wanafikiri ni kuchukua rangi tu. Unapiga picha, unachomoa bluu, unanunua kila kitu bluu. Mimi pia nilitaka kupaka bluu ukuta mzima nyuma ya leso. Fundi wa rangi, mzee mmoja wa hapa mtaani, akaniangalia kama mtoto. "Ukiweka bluu nyuma ya bluu, hiyo leso utaitafuta na tochi." Bas, ukuta unaobeba leso ukabaki vile ulivyokuwa, rangi ya krimu.

Nikajiuliza, leso imepangwaje? Katikati pana, penye rangi moja kubwa. Rangi ya pili inakimbia pembeni. Nyeusi ni kidogo tu, lakini bila hiyo vyote vinalegea. Mafundi wa mapambo ya ndani wana hesabu yao ya 60-30-10: rangi kuu sehemu 60, ya pili 30, ya kukoleza 10. Nyanya yangu hakuwahi kusikia hesabu hiyo, lakini alikuwa akiifunga kiunoni kila asubuhi.

Kwa hivyo bluu ilienda kwenye vitambaa vikubwa: shuka la kitanda na pazia. Manjano ikawa pindo: mstari wa rangi, upana wa kiganja, kuzunguka fremu ya mlango na ya dirisha, na mwingine chini ya kuta. Nyeusi ikawa jina: kiti kimoja tu, cha mbao, chini ya leso.

Lakini kitu kikubwa leso ilichonifundisha si rangi, ni nafasi. Mji wa leso hupumua kwa sababu vitu vizito vimesukumwa pindoni. Bedsita yangu ilikuwa na meza katikati, kapeti katikati, na mimi nikipita kwa ubavu kama kaa. Nikasukuma kila kitu ukutani. Kitanda pembeni, jiko na vyombo pembeni, meza ya kompyuta pembeni. Katikati nikaacha sakafu wazi. Chumba ni kile kile, futi ni zile zile, lakini sasa marafiki wanne wanaweza kukaa chini kwenye mkeka tukala pilau kwenye sinia moja.

Kwa wale mnapenda hesabu: shuka la mtumba Gikomba 600. Kitambaa cha pazia Eastleigh, mita 4 kwa 350, ni 1,400, na fundi wa kushona 300. Rangi ya manjano lita 1, 750. Brashi 150. Kijiti cha mbao cha kuning'inizia leso pamoja na ushonaji wake 500. Kiti cha mtumba 800 na rangi yake nyeusi 250. Jumla 4,750. Toa zile 3,000 za jirani, chumba kimenigharimu 1,750. Sijasema kila mtu ana 1,750 ya kuchezea. Nasema tu kwamba kitu unachokipenda hukuzuia kununua vingine kumi usivyovipenda.

Na tafadhali, usipigilie kitambaa cha zamani msumari. Nilishona mkanda wa pamba nyuma, juu kabisa, kama mfuko mrefu, nikapitisha kijiti humo. Uzito unagawanyika, leso haitoboki. Pia iko ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja, kwa sababu jua hula rangi ya kitambaa polepole na hairudi.

Mchoraji aliyepaka nyumba ya watu

Kabla sijagusa brashi, nilimwendea keateka, keateka akampigia landilodi. Tukakubaliana kwa ujumbe wa simu: napaka ile mistari, nikihama narudisha krimu kwa pesa yangu. Nimehifadhi ujumbe huo hadi leo.

Kwa nini nilikuwa makini hivyo? Juu nilikuwa nimesoma kuhusu mchoraji aliyefanya kitu kama changu na ikamchomea.

Mwaka 1876, huko London, tajiri mmoja wa meli aitwaye Frederick Leyland alikuwa na chumba cha kulia. Chumba kilibuniwa na Thomas Jeckyll, kiwe cha kuonyeshea vyombo vya kauri vya bluu na nyeupe kutoka China, na juu ya mahali pa moto palitundikwa mchoro wa James McNeill Whistler, Mmarekani, unaomwonyesha mwanamke aliyevaa nguo za Kijapani. Whistler alipoulizwa ushauri wa rangi, akaona baadhi ya rangi za chumba zinagombana na mchoro wake. Akaomba abadilishe kidogo. Leyland akakubali, akaenda zake Liverpool.

Kidogo ikawa yote. Whistler alipaka kuta, dari, madirisha, hata ngozi ya bei ghali iliyokuwa imefunika kuta, kila kitu bluu-kijani na dhahabu, na tausi juu yake. Leyland aliporudi akaletewa bili ya gini 2,000. Akalipa nusu. Whistler kwa hasira akachora ukutani tausi wawili wakipigana, mmoja amezungukwa na sarafu. Urafiki ukaisha hapo. Chumba chenyewe kilinunuliwa 1904 na Mmarekani mwingine, Charles Lang Freer, kikabomolewa kipande kipande na kuvushwa bahari, na leo kiko jumba la makumbusho Washington. Kinaitwa Chumba cha Tausi.

Ninakipenda chumba hicho kwa picha, siwezi kudanganya. Ni mfano mkubwa wa mchoro mmoja kuongoza chumba kizima. Lakini pia ni onyo. Whistler aliusikiliza mchoro wake, akasahau kwamba kuna mtu anaishi pale. Ukiacha sanaa ikupangie nyumba, bado lazima uulize nyumba ni ya nani.

Na kabla hamjasema "unatuletea wazungu", wazo hili lilikuwa kwetu zamani. Nenda Lamu, ingia nyumba za mawe za karne ya 18. Utakuta ukuta mzima wa chokaa umechongwa zidaka, vile vishubaka vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, na ndani yake viliwekwa vyombo vizuri vya kauri kutoka China. Ukuta ulijengwa ukijua utabeba nini. Karne moja kabla ya Whistler, watu wa pwani tayari walikuwa wakikipa chumba kitu cha kukipendeza na kujenga kukizunguka.

"Lakini si hiyo pia ni nyota ya mwenzio?"

Dada mmoja tunayefanya naye kazi alinibana hapa. Akaniambia, "Kauri ilitoka China. Neno leso limetoka Ureno. Hizo korosho zako ni mapambo ya India. Sasa wewe unatuhubiria nini kuhusu kuiga?"

Swali zuri, na lilininyima usingizi kidogo. Jibu langu ni hili: kuazima si tatizo. Pwani nzima imejengwa kwa kuazima. Wale wanawake waliounganisha vitambaa vya Wareno hawakuwa wakijaribu kufanana na Wareno. Walichukua, wakashona, wakaandika maneno yao, hadi kitu kikawa chao na hakuna anayekidai. Mimi na pazia la kijivu hatukuwahi kufika hapo. Sikukibadilisha, hakikunibadilisha. Nilikinunua juu kilikuwa kimepata kura za watu wengine.

Kwa hivyo ukipenda kijivu, penda kijivu, aki. Kuna kijivu kizuri sana duniani, muulize mvuvi asubuhi. Ninachouliza ni kama unaweza kusema kwa nini, bila kutaja video ya mtu.

Mama alipokuja

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Nilimaliza keja Jumamosi. Nikapiga picha 40, nikarekodi video, nikatayarisha hata maneno ya kuanzia. Jumapili mama akafika kutoka Mombasa, alikuwa na harusi Thika. Nilitaka aone kwanza kabla ya nyinyi.

Alipanda ngazi, akaingia, nikamwamkia, nikamvulia mkoba. Hakuangalia pazia wala kiti. Aliangalia leso, akasimama. Nilidhani atalia kwa furaha. Akasema, "Umeitoa wapi hii?"

Nikamwambia, shangazi walinipa, ni ya nyanya.

"Ni ya nyanya nusu."

Akakaa kitandani, akanieleza kitu ambacho miaka yangu yote 23 sikuwahi kukisikia. Kabla sijazaliwa, rafiki yake mkubwa alienda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Mama naye akatafuta pasipoti kimya kimya, akaipata. Nyanya akajua. Hakumkanya, hakumgombeza. Alienda Biashara Street, akarudi na doti moja, akaikata mbele yake. Nusu akaiweka kitandani kwa mama, nusu akajifunga mwenyewe. Alijifunga hiyo leso wiki nzima, akimpitia mbele jikoni, hasemi neno.

Mama hakuenda. Akabaki, akaolewa, nikazaliwa, nikabebwa kwa nusu ya leso ile ile. Rafiki yake alikaa Saudia miaka tisa. Akarudi salama. Akamjengea mamake nyumba Mtwapa.

"Nusu yangu iko kwa sanduku," mama akasema. "Sijawahi kuivaa. Mpaka leo sijui kama nyanyako aliniokoa au alinifungia mlango. Sasa wewe umeitundika hapo kila mgeni aisome, na unaenda kuiweka kwa simu watu waseme maneno mazuri."

Sikuwa na la kusema. Mimi niliyekuwa nimeandika kwa kichwa changu posti nzima kwamba jina la leso ni ushauri mzuri kwa vijana. Kumbe maneno niliyoyafanya kauli mbiu yalikuwa yamemgharimu mtu safari. Na mtu mwenyewe amekaa kitandani kwangu, juu ya shuka la bluu la 600.

Nikamwambia, "Mama, nitaitoa."

Akafikiri. Akasema, "Wacha ikae. Chumba umekipanga vizuri, nyanyako angefurahi, hata angekuambia ule mstari wa dirishani umepinda. Stori waambie ukitaka, labda kuna msichana mwenye pasipoti anaihitaji, aende au asiende, ajue. Lakini picha hapana. Hii leso aliandikiwa mtu mmoja."

Ndiyo maana video ya kabla na baada haitakuja. Nimeifuta. Najua kazi yangu ni kuonyesha, na najua ile video ingeenda mbali. Lakini nikiamini kweli kwamba kitu kimoja unachokipenda ndicho kinachoongoza chumba, basi siwezi kukitii kwenye rangi tu na kukikataa kinaponiambia jambo nisilotaka.

Hapa ndipo maoni yangu yalipobadilika kidogo tangu nianze. Zamani ningesema: chagua kitu unachokipenda, kifuate. Sasa nasema: chagua kitu unachokipenda, halafu kiulizie kabla ya kununua rangi. Kimetoka kwa nani? Nani alikitengeneza? Nani bado ana haki nacho? Mchoro si kibao cha rangi cha kuchomoa bluu na manjano. Una watu ndani yake.

Huna leso? Sawa tu

Najua si kila mtu ana nyanya wa Changamwe. Lakini kila mtu ana kitu. Inaweza kuwa kiondo cha shosho kilichosokotwa kwa mkono, chenye mistari mitatu ambayo tayari ni mpangilio wa rangi. Inaweza kuwa mchoro ambao mwanafunzi mwenzako alikuuzia 500 akiwa hana nauli. Jalada la santuri ya zamani ya baba. Picha ya matatu uliyoipenda ukiwa darasa la sita, na kama umewahi kupanda matatu ya Nairobi unajua yale maandishi na nyuso za ubavuni si mchezo, kuna mafundi wanaishi kwa brashi ile.

Ukishakipata, fanya hivi. Kiweke mahali utakapokiona ukiamka, na usinunue chochote kwa wiki mbili. Kiangalie asubuhi na usiku, kwa sababu rangi hubadilika na taa. Hesabu rangi zake na uone ipi ni nyingi na ipi ni chache, usizipe zote ukubwa sawa. Angalia umbo lake: je, kina nafasi wazi, au kimejaa? Kina mistari iliyonyooka au mizunguko? Chumba kifuate hilo pia. Kisha muulize aliyekupa. Na landilodi, kwa maandishi.

Kama hakuna kitu hata kimoja unachokipenda namna hiyo, kaa na kuta tupu kwanza. Ukuta mtupu hauna aibu. Aibu ni ile yangu ya kuambiwa na bango nipumue.

Mama alirudi Mombasa Jumatatu. Jana amenitumia ujumbe kwamba amefungua sanduku, na ile nusu yake bado ina manjano kali kama siku iliponunuliwa. Ameuliza pazia langu nilishonewa kwa fundi gani. Sijamuuliza ni ya nini.

Wewe je, kwenu kuna nini? Usinitumie picha. Niambie tu ni nini, na kilitoka kwa nani.